Mkulima wa Rufiji Si Mcheza Kamari

Tangu mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya mpunga ya Rufiji na Kibiti, kuna neno linalorudiwa mabarazani, hata huku kwetu visiwani: kwamba watu wa bondeni wamejitakia wenyewe, kwani wanacheza kamari na mto. Ni neno tamu mdomoni, lakini si la kweli. Anayelisema hajui mto wala hajui kamari.

Nianze na kamari, maana niliwahi kupewa kazi ya kutafsiri kanuni za mchezo mmoja wa dadu. Wenyewe huuita Nguruwe, na Mmarekani John Scarne aliueleza kitabuni mwaka 1945. Michezo ya aina hiyo Waingereza huiita ya kuisukuma bahati. Kwetu bahati haisukumwi. Huja au hukataa. Mimi niliandika: tosheka au rusha.

Huchezwa hivi. Unarusha dadu moja, mara nyingi utakavyo, ukijumlisha alama. Ukisimama, alama hizo huwa akiba yako, na hakuna wa kukunyang'anya. Lakini ikitokea moja, unapoteza yote uliyochuma katika zamu hiyo, na dadu huenda kwa mwenzako. Anayetangulia kufika 100 ameshinda.

Usimame lini, basi? Sura tano za faida, kuanzia mbili hadi sita, jumla yake ni 20. Sura ya sita ni ya hasara. Kwa hiyo ukishachuma 20 katika zamu moja, faida unayoitarajia imelingana na hasara unayoihofia, simama. Anayerusha tena ana tamaa, na tamaa mbele, mauti nyuma.

Ila kanuni hiyo ina mpaka. Mwenzako akiwa na 99 nawe uko nyuma sana, kusimama kwenye 20 ni kujinyonga. Hapo anayerusha tena hasukumwi na tamaa. Hana njia nyingine. Ndugu msomaji, tofauti hii ndiyo wasiyoiona wanaowacheka watu wa bondeni.

Tazama sasa mkulima wa Rufiji anavyocheza. Hupanda mpunga bondeni kwa mvua za mwanzo. Masika huleta mafuriko. Maji yakipungua, hupanda mahindi, kunde na maboga katika udongo ulioachwa na mto, na kilimo hicho hukiita mlau. Waama, maji yaliyoua mpunga ndiyo yanayolisha mlau! Juu kwenye mchanga ana mikorosho na miembe. Mabwawani ana samaki. Je, huyu ni mtu aliyeweka vyote kwenye mrusho mmoja? La hasha. Huyu alijua kuweka akiba kabla Scarne hajazaliwa.

Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya mwinuko, katika Operesheni Rufiji. Nyumba zilihama, rutuba haikuhama. Wakulima wakawa wanarudi bondeni kila msimu, wakilala katika madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakiamia ndege na kufukuza nguruwe, wale wa kweli. Walirudi kwa sababu chakula kilikuwa huko.

Na leo mchezo umebadilika. Tangu Desemba 2022 mto unazuiwa na Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, nami siingii katika ubishi wa maji ya 2024, kiasi gani kilikuwa cha mvua na kiasi gani cha bwawa. Nasema hili tu: dadu la Rufiji halirushwi tena na mbingu peke yake. Kuna mkono wa binadamu. Mwenye mkono huo ana deni la kumwambia mkulima wa Muhoro na wa Mbuchi, mapema na kwa maneno anayoyaelewa, ni lini maji yatafunguliwa na ni lini yatazuiwa. Maana furiko likizidi huua mpunga, na lisipokuja kabisa huua mlau.

Kumficha mtu dadu, kisha kumlaumu kwa mrusho, hakuna baraza la wacheza kamari litakalokubali. Seuze baraza la waungwana?

Basi tuache kumwita mkulima jina lisilo lake. Kamari huachwa. Kula hakuachwi.