Kontena Lifike Limejaa

Nina ugomvi na maneno matatu: "amri moja tu." Ndiyo ahadi wanayopewa vijana kila wanapofundishwa Docker. Fungua skrini nyeusi, andika `docker run` na jina la programu, bonyeza, umemaliza. Nasema ahadi hiyo ni ya mjini, na hata huko mjini ni ya mwenye bando nene. Huku Rutamba, amri hiyo ikiandikwa kama ilivyofundishwa, huanza kuagiza mzigo kutoka mbali. Mzigo ukikatikia njiani, mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba kompyuta si fungu lake.

Kontena lenyewe silitukani. Tangu Docker ilipotangazwa mwaka 2013, imekuwa rahisi kufungasha programu pamoja na kila inachohitaji katika kifurushi kimoja kiitwacho imeji. Imeji ikiendeshwa ndiyo tunayoiita kontena. Linatumia kiini kilekile cha Linux cha kompyuta mwenyeji, lakini lina faili zake na mtandao wake, wala halioni ya jirani. Unaweza hata kulipimia kumbukumbu lisije likameza mashine nzima. Kwa chama cha ushirika chenye kompyuta moja kuukuu, inayobeba leja ya ufuta na korosho pamoja na barua zote za ofisi, hiyo ni nafuu kubwa: programu moja ikiharibika, nyingine zinaendelea na kazi.

Sasa itazame ile amri. `docker run` hutafuta kwanza imeji ndani ya kompyuta yako. Isipoikuta, huifuata kwenye ghala la mtandaoni, na kwa kawaida ghala hilo ni Docker Hub. Hapo ndipo bando linapoliwa. Imeji kamili ya Python, ikishafunguliwa, hukaribia GB 1. Tena mwezi Novemba 2020 Docker Hub ilianza kuwawekea kikomo watumiaji wasiojisajili: kupakua mara 100 kwa kila saa 6 kwa anwani moja ya intaneti. Mia yaonekana nyingi, mpaka ukumbuke kwamba kwenye mitandao ya simu wateja wengi hupitishwa nyuma ya anwani moja. Kikomo cha mtu mmoja kinagombewa na umati usiofahamiana.

Wapo wanaonijibu kwamba intaneti nzuri iko njiani, tuvute subira. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikayumba, Dar es Salaam ikiwemo. Siku kama hiyo ndiyo inayomtenga mwenye programu na mwenye kuazima. Na wahenga walishasema, cha kuazima hakisitiri matako.

Dawa imo ndani ya Docker yenyewe, ila walimu huiweka sura ya mwisho, kama mapambo ya wadadisi. `docker save -o leja.tar leja:1.0` huandika imeji nzima kuwa faili moja. Faili inaingia kwenye flashi, flashi inaingia mfukoni, mwenye mfuko anapanda gari kutoka Lindi mjini. Akifika anaandika `docker load -i leja.tar`, na imeji iko nyumbani. Kisha:

`docker run -d --pull never --restart unless-stopped -p 8080:80 -v leja:/data leja:1.0`

Kila neno hapo lina kazi yake kwetu. `--pull never` huizuia amri kwenda ghalani. `--restart unless-stopped` huliamsha kontena umeme ukirudi na mashine ikiwaka. `-v` hutunza hesabu nje ya kontena, ili hata likifutwa, mauzo ya wakulima yasifutike nalo. Somo linaloyaruka haya limemfundisha kijana kupakua tu.

Watasema flashi hubeba virusi, na imeji ya kwenye flashi huchakaa bila marekebisho ya usalama. Kweli kabisa. Basi tufundishe `sha256sum`, faili iliyofika ilinganishwe na ile iliyotumwa. Tuandike tarehe kwenye jina la imeji. Kila mwezi mtu mmoja mwenye mtandao mzuri apakue upya kwa niaba ya wote. Na watengenezaji nao wapunguze unene: Alpine, msingi ambao imeji nyingi hujengwa juu yake, haifiki hata MB 10. Hatari inadai uangalizi. Haiwi sababu ya kumwacha mtu akingojea mtandao.

Pwani hii ni ya watu wa majahazi. Chombo kilipotia nanga Kilwa, watu waliteremsha shehena. Nahodha ambaye angefika na karatasi tupu, akawaambia wenyeji waifuate shehena wenyewe ng'ambo, angechekwa mpaka Sofala.

Kwa hiyo nawadai wanaofundisha vijana wetu jambo moja. Somo la kwanza la kontena lifanywe intaneti ikiwa imezimwa. Programu ikiwaka, kijana ana kitu cha kupeleka kwao. Isipowaka, msimlaumu kijana. Rudini mkapakie mzigo.