NANI ALIPIMA, NA ALIPIMA NINI?

Katika mkutano wa chama chetu uliopita, mambo ya mishahara na nyumba yalipokwisha, ndugu mmoja aliomba ruhusa akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vyema. Alisema: "Tarehe 1 Julai 2020 tuliambiwa ya kuwa Tanzania imetoka katika nchi za kipato cha chini, imeingia katika nchi za kipato cha kati. Siku ile nilikuwa kazini kama kawaida. Kijijini kwetu maji yalikuwa mbali vile vile. Basi nani alipima, na alipima nini?" Watu wakacheka, na mwenyekiti akafunga mkutano kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Walakini swali halikufungwa pamoja na mkutano. Twaona yafaa kulijibu hapa, maana katika watu wote wa nchi hii sisi watumishi wa Serikali ndio tusioweza kusema ya kuwa halituhusu.

Na tuanze na kipimo chenyewe. Benki ya Dunia hukadiria pato lote la nchi kwa mwaka mmoja, kisha huligawa kwa idadi ya watu, likapatikana fungu la kila kichwa. Kwa hesabu ya mwaka 2019 fungu la Mtanzania lilikuwa dola 1,080, na mpaka wa daraja ulikuwa dola 1,036. Tulivuka mto kwa dola 44. Hatusemi ya kuwa kuvuka kule kulikuwa uongo, kwani pato la nchi lilikuwa limepanda kwa miaka mingi. Twasema tu ya kuwa fungu hilo ni la kwenye karatasi, hapana mtu aliyegawiwa. Mwenye duka la jumla na mama auzaye vitumbua mbele ya duka hilo wote wawili wameandikiwa dola 1,080. Tena fungu lenyewe hutegemea hesabu mbili, ya mali na ya vichwa, na mmoja wa wahesabuji akikosea, fungu hupanda au hushuka bila ya mtu yeyote kutajirika wala kufilisika.

Jambo hili si la kudhania. Mwezi wa Aprili 2014 Serikali ya Nigeria ilitangaza ya kuwa pato la nchi ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa kwa 89 kwa mia, na papo hapo Nigeria ikaipita Afrika Kusini. Je, usiku ule visima vipya vya mafuta vilichimbwa? La, hasha. Makarani wa hesabu walikuwa wakitumia mizani ya mwaka 1990, wakati simu za mkononi hazijaenea na watengeneza filamu wa Lagos hawajajulikana. Walipobadili mizani, kazi hizo zilizokuwapo siku zote zikaonekana. Ghana ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwaka 2010, pato lake likaongezeka kwa zaidi ya 60 kwa mia. Kenya ikafuata Septemba 2014 kwa 25 kwa mia hivi, nasi Tanzania tulibadili mizani yetu mwishoni mwa mwaka ule ule. Basi mtu akituambia ya kuwa nchi fulani imekua upesi, sharti kwanza tumwulize: imekua nchi, au yamekua macho ya mhesabuji?

Na ugomvi wa nini kihesabiwe na nini kiachwe ni wa zamani. Simon Kuznets, aliyewatengenezea Wamarekani hesabu ya pato lao mwaka 1934, aliwaonya wakubwa wake katika taarifa ile ile ya kuwa hali njema ya watu haiwezi kujulikana kwa pato peke yake. Wakubwa walichukua hesabu, onyo wakaliacha. Katika miaka ya 1940 bibi mmoja Mwingereza, Phyllis Deane, alipewa kazi ya kupima pato la Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ndizo Zambia na Malawi za leo, kwa kanuni zilizotungwa Uingereza. Alipotoka ofisini akaenda vijijini, aliona kanuni hazitoshi. Mwanamke aliamka alfajiri, akaenda kukata kuni, akateka maji, akapika pombe ya wageni. Na daftari lilitaka kumwandika kama mtu asiyefanya kazi yo yote. Bibi Deane alishikilia ya kuwa ukiziacha kazi hizo umeacha sehemu kubwa ya maisha ya nchi. Miaka mingi ilipita kabla kanuni za Umoja wa Mataifa hazijakubali kuni na maji. Kupika na kulea watoto hazimo hata leo. Mtumishi anunuapo chai na chapati kwa mama lishe, kazi ya mama lishe imeingia katika pato la taifa. Chai aliyopikiwa na mkewe nyumbani haikuwahi kupikwa.

Kwa sababu ya upungufu huo, mwaka 1990 Mahbub ul Haq wa Pakistani, akisaidiwa na Amartya Sen wa Bara Hindi, alitoa kwa Umoja wa Mataifa mizani nyingine iliyopima mambo matatu pamoja: umri ambao watu hutazamiwa kuishi, elimu yao, na pato lao. Mizani hiyo nayo ina kasoro zake. Lakini faida yake ni kwamba nchi iliyo mbele kwa mizani moja huweza kuonekana nyuma kwa nyingine, na hapo ndipo mtu aanzapo kuuliza sababu.

Tuchukue nchi moja tuitazame kwa mizani zote mbili. Botswana zamani iliitwa Bechuanaland, na kwa muda mrefu Waingereza waliitawala kutoka mji wa Mafeking, uliokuwa ndani ya Afrika Kusini, nje kabisa ya mipaka ya nchi iliyotawaliwa. Nchi haina bahari; sehemu yake kubwa ni jangwa la Kalahari. Ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba 1966 ilikuwa na barabara ya lami kilomita 12, na wenyeji waliomaliza chuo kikuu walikuwa 22. Ukame ulikuwa umeua ng'ombe wengi, na Serikali haikuweza kulipa gharama zake bila ya ruzuku ya Uingereza. Mtu akipewa siku ile ramani ya Afrika achague nchi itakayokwenda mbio, hangeiweka Botswana hata katika kumi za kwanza. Lakini kwa muda wa miaka thelathini hivi pato lake lilikua upesi kuliko nchi karibu zote za dunia, na mwaka 1994 ikawa nchi ya kwanza kuondolewa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma kabisa.

Wengi hujibu kwa neno moja: almasi. Ni kweli, almasi ilionekana Orapa mwaka 1967. Lakini Sierra Leone ilipata almasi tangu mwaka 1930, na katika vita vya mwaka 1991 hata 2002 almasi hizo ndizo zilizonunua bunduki. Jiwe ni lile lile. Tofauti twaiona katika mambo yaliyofanywa mapema. Mwaka 1967 sheria ilipitishwa ya kuweka madini mikononi mwa Serikali kwa niaba ya watu wote, yasiwe ya kabila moja moja. Na Rais Seretse Khama, aliyezaliwa mrithi wa utemi wa Bangwato, aliikubali ingawa Orapa imo katika nchi ya Bangwato wenyewe. Mwaka 1975 Serikali ikapata nusu ya hisa za kampuni ya almasi. Fedha ziliingia hazina na kutoka kwa mipango iliyopitishwa na Bunge, zikawa barabara, shule na zahanati. Watu walikuwa pia na desturi ya kgotla, yaani baraza ambamo mtemi husikiliza watu wakimwambia maneno asiyoyapenda.

Tena kuna jambo linalotugusa sisi. Serikali ile haikuwaondoa watumishi wageni kwa haraka. Iliwaweka mpaka wenyeji wasomeshwe kazi zao. Vijana wa huko walinung'unika, na twakiri ya kuwa tungekuwa mahali pao tungenung'unika zaidi. Lakini daftari za Serikali hazikupotea, na hazina ilijua ina nini. Tusiwasifu kupita kiasi: watu wao siku zile walikuwa kiasi cha nusu milioni tu, na mali ya mgodi ikigawiwa watu wachache hufika mbali. Nchi yenye watu mara ishirini ya hao haiwezi kufuata njia ile hatua kwa hatua.

Sasa tugeuze mizani. Katika miaka ya 1990, pato la Botswana likiwa bado lapanda, ugonjwa wa UKIMWI uliingia nchini kwa nguvu ambayo mataifa machache yameijua. Umri wa kutazamiwa kuishi, uliokuwa umefika kama miaka 60, ukaanguka chini ya 50. Kwa mizani ya dola nchi ilikuwa yakwea mlima. Kwa mizani ya umri ilikuwa yateremka shimoni, mwaka ule ule, watu wale wale. Mtu aliyetazama dola peke yake angewapongeza wakati wakizikana.

Wao walijuaje? Walijua kwa kuwa wauguzi walipima damu za wajawazito waliokuja kliniki, wakaandika walichokiona, na karatasi zile zikapanda ngazi kwa ngazi mpaka juu bila ya mtu njiani kuzipaka sukari. Rais Festus Mogae alizipokea akawaambia watu wake na dunia nzima, bila ya kuficha, ya kuwa taifa limo katika hatari ya kutoweka. Ni maneno mazito kwa rais wa nchi iliyozoea kusifiwa. Mwaka 2002 Serikali ilianza kutoa dawa bila malipo, kabla ya nchi nyingine za Afrika kufanya hivyo kwa watu wote, na baada ya miaka kadhaa umri ukapanda tena ukapita 60. Nchi hiyo bado ina ila zake: tofauti ya tajiri na maskini ni miongoni mwa zilizo kubwa duniani, na bei ya almasi ikianguka hazina hutetemeka. Lakini hesabu mbaya iliyoandikwa kwa haki iliokoa watu, na twasadiki hesabu nzuri ya uongo ingewaua.

Nasi tunao mfano wetu uliokwenda kinyume. Mwaka 1967 katika watu wazima watatu wa Tanzania mmoja tu alijua kusoma, na mwaka 1986 hesabu za Serikali zilisema ya kuwa tisa katika kumi wanajua. Wazee wetu katika chama wanaikumbuka miaka hiyo kwa jambo jingine: maduka matupu, na foleni ya sabuni na sukari. Kwa mizani ya pato tulirudi nyuma, kwa mizani ya kisomo tulipiga hatua. Anayeikumbuka foleni na anayemkumbuka mama yake akisoma barua kwa mara ya kwanza wote wasema kweli.

Haya yote yanatufikisha mezani petu. Hesabu za nchi hazianguki kutoka mbinguni. Huanzia kwa mtendaji wa kata, kwa mwalimu mkuu, kwa bwana shamba, kwa mganga wa zahanati, kwa karani anayekaa karibu na mlango. Na tuseme kweli, maana gazeti hili ni la wenyewe. Fomu ya robo mwaka hufika Jumatano na kutakiwa Ijumaa. Yataka idadi ya mbuzi katika vijiji saba, na pikipiki ya ofisi haina mafuta. Basi mtu huchukua karatasi ya mwaka jana, huongeza kidogo, hutia mhuri. Sisi tunaoandika haya tumewahi kufanya hivyo. Tumewahi pia kurudishiwa fomu ya kweli na kuambiwa ya kuwa hesabu ile ni ndogo, ikatazamwe tena, nasi tukaelewa maana yake kama vile msomaji anavyoelewa sasa. Mbuzi wale wa kubuni walikwenda mkoani, wakaenda wizarani, na yumkini wamo katika zile dola 1,080.

Kwa hiyo kamati imekubaliana kupeleka mbele ya wakubwa ombi moja, nalo si la mishahara. Twaomba kila fomu ya hesabu iwe na nafasi ya kuandika neno "haikuhesabiwa", pamoja na sababu, na mtumishi aliyeandika neno hilo kwa haki asihesabiwe mvivu. Twaomba pia siku za kutosha na mafuta ya pikipiki. Wanachama wenye mifano ya fomu za namna hiyo watuletee kabla ya mkutano wa mwaka, bila ya kutaja jina la ofisi wala la mtu. Yule ndugu aliyeuliza swali twamwomba awe wa kwanza. Katika barua yake asituandikie ya kuwa maji ni mbali. Aende likizo kwao, ahesabu hatua toka mlangoni hadi kisimani, atuletee idadi.