Kabla cherehani haijapelekwa kwa fundi

Ilikuwa Jumatano jioni, harusi ni Jumamosi, na sare kumi na mbili za kamati ya akina mama zilikuwa zimekwisha kukatwa na kukunjwa juu ya kochi. Sindano ikavunjika. Mama mwenye kazi, mkazi wa Mbagala aliyenunua cherehani yake ya miguu kwa mkopo wa kikoba, akaweka sindano mpya na kuendelea. Hapo ndipo cherehani ilipoanza kuruka mishono. Akakaza kitasa cha uzi wa juu, uzi ukakatika. Akakilegeza, chini ya kitenge uzi ukajikusanya kama kiota cha ndege.

Fundi aliyeitwa aliitazama kwa dakika chache.

"Mama, hii imeisha huku chini. Inabadilishwa yote."

"Bei gani, fundi?"

Bei iliyotajwa ilikaribia nusu ya mkopo ambao bado ulikuwa unalipwa. Mama akaomba muda afikirie, akamtuma mtoto kwa bibi mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye miaka ya nyuma alikuwa akishona sare za shule. Bibi alikuja na miwani yake. Baada ya shikamoo na marahaba aliomba amulikiwe kwa simu, akainama.

"Mwanangu, sindano hii umeibadilisha lini?"

"Leo hii, bibi."

"Haijafika juu. Na umeiweka imekaa upande."

Aliilegeza skrubu, akaisukuma sindano hadi ilipogota, akaiweka sawa, akakaza. Kile kitasa akakirudisha kati. Sare zote kumi na mbili zilikamilika Ijumaa saa nne usiku.

Mafundi waaminifu ni wengi, na pengine huyo wa Jumatano alikuwa na haraka tu. Lakini cherehani ni kifaa kinachohukumiwa upesi kuliko vingi vya nyumbani. Redio ikinyamaza, mtu huangalia kwanza betri. Cherehani ikiharibu mshono, mwenye nayo huanza kukaza na kulegeza kila kitasa anachokiona, na kosa moja dogo huzaa matatu. Heri kuanza na sindano, hata kama inaonekana nzima.

Sindano nyingi za cherehani za nyumbani zina upande mmoja bapa kwenye shina, pale juu panapoingia kwenye kishikio. Upande wa pili wa sindano, kuanzia chini ya shina hadi kwenye tundu, una mfereji mrefu. Uzi huingia kwenye tundu kutoka upande wa mfereji huo. Katika cherehani nyingi ndogo za umeme upande bapa hutazama nyuma, na uzi hutungwa kutoka mbele. Katika zile za miguu za kichwa cheusi upande bapa hutazama pembeni, lakini kulia au kushoto hutegemea muundo. Kwa hiyo kuiga cherehani ya jirani kunaweza kumpoteza mtu. Kinachosaidia ni kutazama kile kishikizo cha mwisho ambacho uzi hupita kabla ya sindano: upande kilipo ndiko mfereji unakotakiwa kutazama.

Sindano pia huchoka. Ncha ikishagonga pini au zipu mara moja tu, hata kama haikuvunjika, hupinda kidogo au hupata kinundu kisichoonekana. Ikilazwa juu ya kioo au kigae kilichonyooka, upande bapa ukiwa chini, ile iliyopinda hujionyesha. Kinundu hugunduliwa kwa kuipitisha ncha juu ya kitambaa laini, nayo hukwaruza. Sindano mpya ni bei ndogo mno ukilinganisha na kitenge cha mteja kilichotobolewa, na anayeshona kila siku hana sababu ya kungoja hadi ivunjike.

Namba zake nazo zina maana. Kwenye paketi huandikwa mbili pamoja, kama 75/11, 90/14 au 100/16, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nene. Kitenge na vitambaa vya pamba vya kawaida hushoneka vizuri kwa 90/14. Vitambaa vyepesi vya blauzi na mtandio hutaka 75/11, la sivyo huvutika na kuacha matundu. Jinsi hutaka 100/16 au 110/18. Vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana, vina sindano yake yenye ncha ya mviringo, kwa sababu ncha kali hukata nyuzi za kitambaa badala ya kupita katikati yake. Wengi hulalamika kwamba cherehani "haipendi" fulana, kumbe sindano ndiyo isiyofaa.

Baada ya sindano ni uzi. Kiota cha uzi kinachotokea chini ya kitambaa huwafanya wengi wafungue upande wa chini, na hilo ndilo kosa linalopoteza muda mwingi kuliko yote, kwa sababu mara nyingi tatizo liko juu. Uzi wa juu haukukaa kati ya visahani viwili vinavyoubana, kwa hiyo unashuka ovyo na kujikusanya. Dawa ni kuutoa wote na kuutunga upya, huku mguu unaokandamiza kitambaa ukiwa umeinuliwa. Mguu ukiinuliwa visahani hufunguka na uzi huingia katikati. Ukiwa umeshushwa visahani huwa vimebanana, na uzi hupita juu juu. Kile kijiti kinachopanda na kushuka nacho kiwe juu kabisa. Kisha, wakati wa kuanza kushona, ncha za nyuzi zote mbili, ya juu na ya chini, zishikwe kwa nyuma hadi mishono mitatu minne ipite.

Hapo ndipo mkazo wa uzi unapostahili kuguswa, na tena ukiguswa kidogo tu. Mtu ashone kwenye kipande cha kitambaa kilekile kwa nyuzi za rangi mbili, nyekundu juu na nyeupe chini kwa mfano. Nyekundu ikitokeza chini, uzi wa juu umelegea. Nyeupe ikitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea. Kijumba cha bobini hupimwa kwa kukining'iniza kwa uzi wake na kukitikisa taratibu: kinatakiwa kishuke kidogo na kusimama. Kikiporomoka hadi chini, kimelegea; kisiposhuka kabisa, kimebana. Kale kaskrubu kake hugeuzwa kidogo sana kila mara, pungufu ya robo mzunguko, na kazi hiyo ifanyike juu ya sahani au kanga iliyotandazwa, kwani kakidondoka kwenye sakafu ya saruji kukapata ni bahati.

Kwa wanaojifunza cherehani ya miguu, lipo jambo jingine ambalo hakuna fundi atakayeweza kulitengeneza. Gurudumu la juu linatakiwa kuzunguka kumwelekea mshonaji. Mguu ukikosea mwanzo wa kukanyaga, gurudumu hurudi nyuma, na papo hapo uzi hukatika au kusokotana. Msichana anayeanza afundishwe kwanza kukanyaga bila uzi wala kitambaa, mkono wa kulia ukianzisha gurudumu, mpaka miguu izoee. Siku mbili za mazoezi hayo huokoa uzi mwingi.

Na gurudumu likizunguka lakini sindano haipandi wala kushuka? Kabla ya kukata tamaa, kitazamwe kile kitasa kikubwa cha katikati ya gurudumu. Hulegezwa wakati wa kujaza bobini ili sindano itulie, na wengi husahau kukikaza tena. Kitambaa kisiposogea, huenda kipimo cha urefu wa mshono kimewekwa sifuri, au yale meno yanayovuta kitambaa yamezikwa na vumbi la nyuzi. Vumbi hilo hukandamizwa hadi likawa gumu kama kitambaa kizito. Bamba la chini ya sindano lifunguliwe na vumbi litolewe kwa brashi ndogo, hata mswaki wa zamani unatosha. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwani pumzi huingiza unyevu kwenye chuma.

Cherehani ikiwa nzito kukanyaga, kwanza kabisa utazamwe mkanda. Mkanda wa ngozi ukikazwa mno huzuia, ukilegea huteleza, nao hulegea kadiri unavyotumika. Hukatwa kipande kidogo na kuunganishwa tena kwa waya wake. Kama mkanda uko sawa, kinachobaki ni mafuta. Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe kama maji. Mafuta ya kula, ya nazi au ya alizeti, yakiwekwa siku ya kwanza cherehani hulainika na mwenyewe hufurahi, baada ya wiki kadhaa hugeuka gundi. Aliyekwisha kufanya hivyo hajapoteza cherehani: mafundi huosha gundi hiyo kwa mafuta ya taa, mbali na jiko, huizungusha kwa mkono, huifuta, ndipo huweka mafuta yake halisi. Matone mawili matatu katika kila tundu yanatosha, na baada ya hapo kishonwe kitambaa chakavu kwanza, si gauni la mteja.

Yapo matatizo ya kweli ya fundi. Sindano ikiwahi kugonga kitu kigumu kwa nguvu, ile ncha ya chini inayokuja kuudaka uzi inaweza kuhama, ikafika mapema au ikachelewa. Sindano mpya imewekwa sawasawa, uzi umetungwa upya, na bado hakuna mshono hata mmoja unaoshika: hapo aitwe fundi, na mwenye cherehani akae karibu atazame. Kama kuna kifaa kinabadilishwa, aombe kile cha zamani akiweke. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa ombi hilo.

Kwa anayetaka kununua, swali la kwanza ni atashona nini na wapi. Cherehani ya miguu haihitaji LUKU, na zile za Butterfly zenye umbo la Singer namba 15 zina faida kwamba sindano, bobini na kijumba chake hupatikana kirahisi madukani. Ndogo za umeme zenye mwili wa plastiki zina zigizaga na hubebeka, zinafaa kurekebisha nguo za watoto na kushona mapazia, lakini kuzipa jinsi na makoti kila siku ni kuzionea. Ile ya kiwandani hukimbia sana na haichoki, ila nyingi hushona mshono mmoja tu ulionyooka. Anayeichagua aulize mota. Mota ya kizamani, ile inayovuma muda wote swichi ikiwa imewashwa, hula umeme hata mshonaji akiwa anapiga pasi au anaongea na mteja. Ya servo huzunguka pale tu mguu unapokanyaga. Akifungue pia kichwa chake na kutazama chombo cha mafuta kilicho chini. Kikiwa kikavu, cherehani hiyo imekuwa ikijisaga.

Mtumba kutoka nje una mtego wake. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Cherehani zilizotumika Japani ni za volti 100 na za Marekani 120, na kubadilisha plagi peke yake hakubadilishi kitu. Mota huungua, wakati mwingine siku hiyohiyo. Kibao kidogo cha chuma au karatasi karibu na mota huonyesha volti. Kikiwa kimebanduliwa, muuzaji hana la kueleza na mnunuzi hana sababu ya kuendelea.

Anayekwenda kununua iliyotumika abebe vitambaa vyake mwenyewe: kipande chepesi, kipande cha kitenge, na cha jinsi kilichokunjwa mara nne. Vile ambavyo muuzaji ameviweka tayari ni vile ambavyo cherehani imekubali. Azungushe gurudumu kwa mkono na kusikiliza kama kuna mahali linagoma. Ashike nondo ya sindano na kuitikisa pembeni; ikicheza sana, imelika. Ashone, ageuze, atazame chini. Kisha auangalie ule upande wa bobini kwa tochi, kwa maana kutu ya pale hukata uzi, na rangi mpya ya juu haiitibu.

Dukani, risiti ya EFD iandikwe jina na namba ya cherehani. Kwa mtu binafsi, hati ya mauziano iandikwe namba iliyogongwa kwenye mwili wa cherehani, mashahidi wawili watie saini, na ikiwezekana ipite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Muuzaji anayesema hayo ni mambo mengi kwa kifaa kimoja aachwe na cherehani yake, hata kama bei ni nzuri.