Msinisafishie Kilimambogo

Kuna ugonjwa umeingia hapa Machakos, unaitwa "kusafisha" nyimbo za zamani. Mtu anachukua santuri ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, anainakili, kisha anaipitisha kwenye programu ya kuondoa mikwaruzo. Mikwaruzo inatoka, sawa. Inatoka pamoja na mlio wa juu wa gitaa la solo. Halafu anautawanya wimbo huku na huku na kuuita stirio. Ati ameuokoa!

Jameni, stirio haipatikani hivyo. Machi 1954, RCA Victor ilipoirekodi Chicago Symphony Orchestra chini ya Fritz Reiner, ilitega maikrofoni mbili, kila moja na njia yake kwenye tepu. Upana wa ukumbi ulinaswa siku hiyo hiyo. Santuri za stirio zilipoingia sokoni mwaka 1958, tepu zilikuwapo, na hadi leo watu wanaisifu sauti ile. Lakini wimbo uliorekodiwa kwa mono hauna kushoto wala kulia. Kampuni za Ulaya na Marekani zilijaribu ujanja huu miaka ya 60, besi upande mmoja, sauti nyembamba upande wa pili. Leo wakusanyaji wanazikimbia santuri hizo. Sisi ndio kwanza tunaziiga!

Najua mtanijibu kwamba vijana hawavumilii kelele za sindano. Haya, basi mfikirieni kijana anayejifunza gitaa. Benga ya Ukambani haina kitabu cha noti. Kitabu chake ni santuri. Upande wa pili, waimbaji wakinyamaza na magitaa yakaanza kufukuzana, ndipo penye somo. Nimesikia nakala "safi" ya sehemu hiyo dukani: solo inalia kama imefunikwa blanketi. Kijana atajifunza nini hapo? Na Kakai alifariki mwaka 1987. Hatarudi studio kutupigia tena.

Sipingi kompyuta. Napinga haraka. Osha santuri, weka sindano nzima, nakili pande zote mbili, na nakala hiyo usiiguse kabisa. Andika juu yake imetoka wapi. Ukishaihifadhi, chukua nyingine uifanyie utakavyo, hata uichezee kwenye matatu. Lakini usiniletee hiyo ya pili ukaniambia huyu ndiye Kakai.