Krimu isiyong'arisha

Nizi, katika eneo la Djugu kaskazini mwa Bunia, jimbo la Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaishi kwa dhahabu. Dhahabu ya Ituri iligunduliwa mwaka 1903, na wachimbaji wake wanaijua zebaki vizuri: huikamata dhahabu kwenye mchanga, kisha huchomwa na kwenda na moshi. Juu ya moshi huo tumeonywa sana. Juu ya zebaki inayopakwa usoni tunasema machache, na tukisema, huwa tunamcheka anayejipaka.

Kicheko hicho kinamkosea mtu mmoja: mwanamke ambaye hakuwa na nia ya kubadilisha rangi yake. Amebeba mimba, na mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo vimetokea viraka vya kahawia. Madaktari wanaviita melasma. Homoni za ujauzito huziamsha seli zinazotengeneza rangi, na jua huzichochea zaidi. Bunia iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na jua lake ni kali mwaka mzima. Kwa wengi viraka hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kwa wengine hubaki, na vidonge au sindano za uzazi wa mpango zinaweza kuvirudisha.

Huyu anataka ngozi yake ya zamani tu. Lakini sokoni atauziwa kilekile anachouziwa anayejichubua: losheni ya haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi, tyubu ya betamethasone, au sabuni isiyosema kilichomo. Steroidi kama betamethasone hulainisha uso kwa wiki chache, kisha ngozi hukonda, chunusi hutoka, na madoa hurudi akiiacha. Zebaki, ambayo huweza kuwemo katika sabuni kama hiyo, ni mbaya zaidi, maana huingia mwilini na kuumiza figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima 60 waliougua figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki.

Je, marufuku inatosha? Kwa zebaki sina mjadala. Mkataba wa Minamata ulitaka vipodozi vyenye zaidi ya miligramu moja ya zebaki kwa kilo vikome ifikapo 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukifuta hata kiwango hicho. Haidrokwinoni ni kesi ngumu zaidi. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Kligman na Willis, walionyesha kwamba ikichanganywa na tretinoini na steroidi huondoa madoa. Mwaka huohuo madaktari wa Afrika Kusini waliandika kuhusu wanawake ambao nyuso zao zilikuwa zimegeuka buluu-nyeusi kwa kuitumia bila kipimo wala kikomo, na nchi hiyo ikaiondoa kwenye vipodozi mwaka 1990. Ni dawa, basi, lakini inahitaji daktari anayesema "sasa acha". Kwa mama wa Nizi, katika eneo ambalo vita vimefukuza watu vijijini tangu mwisho wa 2017, huyo daktari wa ngozi yuko wapi?

Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki liliazimia mwaka 2019 haidrokwinoni iondolewe kwenye vipodozi, na Kongo ikaingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022. Sawa. Ila azimio linaondoa kitu rafuni bila kuweka kingine, na mwenye melasma hana subira ya maazimio.

Kitu cha kuweka kipo: asidi ya azelaiki, krimu ya asilimia 15 hadi 20. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi, na huzilenga zaidi seli zilizochachamaa, huku ngozi ya kawaida ikibaki karibu kama ilivyo. Ni miongoni mwa dawa chache za madoa ambazo madaktari hawaogopi kumpa mjamzito. Inawasha kidogo mwanzoni, na inadai miezi mitatu hadi sita, mara mbili kwa siku. Nadhani ndiyo maana hakuna anayeipigia debe sokoni: haimng'arishi mtu, na hakuna jirani atakayeuliza umepaka nini.

Peke yake haitoshi bila kinga ya jua. Ngozi nyeusi husumbuliwa hata na mwanga unaoonekana, ambao krimu nyingi za jua zisizo na rangi hazizuii vizuri. Zinazofaa zaidi ni zile zilizotiwa oksidi ya chuma, jamii ileile inayoupa udongo wa Ituri wekundu wake. (Udongo wenyewe usipakwe.) Anayelima au kuuza barabarani kutwa aanze na kofia pana, maana hiyo inapatikana leo.

Utasikia kwamba watu waliokimbia bunduki hawana nafasi ya kufikiria madoa. Lakini fedha za krimu tayari zinatumika, na figo zitakazotibiwa kesho zina gharama kubwa kuliko tyubu. Eneo la afya la Nizi lingeweza kuanzia kliniki ya wajawazito, ambako mama anapimwa presha tayari. Muuguzi aulize: unapaka nini usoni? Akiletewa kikopo, asome lebo, atafute neno "mercure", "calomel" au herufi Hg. Kisha ampe habari ambayo muuzaji hawezi kumpa, kwamba huenda madoa yakaondoka bila kununua chochote. Na mwenye madoa yaliyochochewa na sindano aelezwe njia nyingine za kupanga uzazi, asije akaiacha kimya kimya kwa ajili ya uso na kurudi miezi michache baadaye na mimba asiyoitarajia.