Kusamehe si kufunika kosa

Ni mara ngapi, msomaji, umewasikia wazee wakimaliza ugomvi wa jamaa kwa methali isemayo, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo"? Methali hii imeokoa nyumba nyingi. Lakini mara nyingine hutumiwa kumziba mdomo aliyeumizwa. Binti aliyedhulumiwa na mtu wa ukoo huambiwa amsamehe, chai inywewe, kila mtu arudi kwake. Walio Wakristo huongeza kwamba hata Yesu alisamehe akiwa msalabani. Je, huo ndio msamaha wa msalaba?

Mwanatheolojia mmoja aliyelishughulikia swali hili kwa kina ni Miroslav Volf, aliyezaliwa mwaka wa 1956 mjini Osijek, Kroatia, wakati nchi hiyo ilipokuwa sehemu ya Yugoslavia chini ya utawala wa kikomunisti. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kipentekoste. Volf alisomea Ujerumani, na mwaka wa 1998 akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Mafundisho yake hayakutoka vitabuni pekee. Yugoslavia ilipovunjika kuanzia 1991, Wakroatia na Waserbia walipigana, vijiji vikachomwa na wanawake wakanajisiwa. Mwaka wa 1993 Volf alitoa mhadhara kuhusu kumkumbatia adui. Alipomaliza, mwalimu wake wa zamani, Mjerumani Jürgen Moltmann, alisimama akamuuliza: je, wewe mwenyewe unaweza kumkumbatia mpiganaji wa Kiserbia? Volf alijibu kwamba hangeweza, ingawa kama mfuasi wa Kristo aliona kwamba ilimpasa aweze.

Kutokana na swali hilo aliandika kitabu Exclusion and Embrace, kilichotoka 1996. Humo anasema kukumbatia kuna hatua nne. Kwanza unafungua mikono, kuonyesha kwamba unamtaka mwenzako. Pili unangoja, kwa maana huwezi kumkumbatia mtu kwa nguvu. Tatu mnakumbatiana, kila mmoja akiwa mpole kwa mwenzake. Nne unafungua mikono tena, ili mwenzako abaki kuwa yeye. Tazama hatua ya pili. Wazee wanaowasukuma watu wapatane kabla ya jua kutua wameiruka.

Lakini kwa nini aliyekosewa ndiye afungue mikono? Hapa ndipo Volf anaporudi msalabani, hasa katika kitabu chake cha 2005, Free of Charge. Wako wahubiri wanaoeleza habari za msalaba kana kwamba Mungu alikasirika, akatafuta mtu asiye na hatia, akamwadhibu badala ya wenye hatia. Volf anasema hilo lingekuwa dhuluma juu ya dhuluma. Kristo si mtu wa tatu aliyekamatwa njiani. Mungu mwenyewe alikuwa ndani ya Kristo. Aliyekosewa ndiye aliyejitwika gharama ya kosa.

Chukua mfano wa karo. Umempa mdogo wako shilingi elfu kumi akalipe shuleni, naye akazifuja mjini. Unaweza kumsamehe, lakini shule bado inadai haki yake. Ukimsamehe, wewe ndiwe utakayetafuta elfu kumi nyingine. Deni halikuyeyuka hewani. Limehama kutoka mfuko wake hadi wako. Msamaha wa kweli ni ghali, na anayeulipia ni yule anayeutoa.

Zaidi ya hayo, huwezi kusamehe deni ambalo hujalitaja. Volf anasisitiza kwamba kusamehe ni kulaumu kwanza, kusema waziwazi kwamba hili lilikuwa kosa, kisha kukataa kumhesabia mkosaji. Asemaye "haidhuru, ni mambo madogo" hajasamehe. Amefunika chungu kinachochemka. Naye mkosaji, ili aupokee msamaha huo, hana budi kukiri na kutubu. Zawadi isiyopokelewa hubaki mkononi mwa mtoaji.

Haya si maneno matupu kwa jamaa ya Volf. Anasimulia kwamba kaka yake, Daniel, alifariki akiwa na umri wa miaka mitano kwa uzembe wa mwanajeshi aliyekuwa akicheza naye. Wazazi wao walimsamehe mwanajeshi huyo. Hawakusema kifo cha mtoto wao kilikuwa jambo dogo. Walibeba uchungu huo maisha yao yote, lakini hawakutaka alipizwe kisasi.

Basi, wewe mzazi au mzee unayeombwa kuamua mambo ya jamaa, anza kwa kumpa aliyeumia nafasi ya kueleza alilotendewa, hata kama maneno yake yatawachoma wageni waheshimiwa. Mwulize mkosaji kama anakubali. Ikiwa ni uhalifu, polisi na mahakama zina kazi yao, na msamaha hauwazuii kuifanya. Ndipo uzungumzie kusamehe, na hata hapo usimharakishe mtu. Na wewe uliyeumizwa, usione kwamba imani yako ni haba kwa kuwa mikono yako haijafunguka. Volf mwenyewe, bingwa wa somo hili, aliulizwa mbele ya watu, akajibu kwamba bado hawezi.