Elisha aliitisha mpiga kinanda

Leo najua nitakwaruzana na baadhi yenu. Someni hadi mwisho kabla ya kujibu, ikiwezekana.

Majuzi niliwaambia kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba nikiwa safarini nilikuwa nasikiliza roki. Sijawahi kupata jumbe nyingi hivyo, hata nilipotangaza mfungo wa siku 21. Mama mmoja wa kanisa, ambaye namheshimu kama mzazi, aliniuliza, "Pasta, roki si ni ya shetani?" Mwingine akaniambia niwe mwangalifu, kondoo wanaona.

Mama, nakujibu kwa heshima. Muziki wenyewe ni wa Neal Morse, Mmarekani. Alikuwa mwimbaji na mtunzi wa bendi inayoitwa Spock's Beard. Hao walipiga roki ya progresivu, yaani ile ya nyimbo ndefu zinazobadilisha mwendo katikati, ambapo ala huachiwa nafasi ya kuzungumza zenyewe bila mtu kuimba. Morse akaokoka, na mwaka 2002 akaiacha bendi hiyo kwa sababu ya imani yake. Mwaka uliofuata akatoa albamu ya ushuhuda wake, Testimony. Mwaka 2007 akatoa nyingine, Sola Scriptura, inayomhusu Martin Luther, na wimbo wake wa kwanza una dakika 29. Siku hiyo ulianza matatu ikitoka stendi ya Kilifi, na ulipoisha tulikuwa Matsangoni tukishusha abiria. Kwa hiyo huyo ni ndugu katika Bwana, mwenye gitaa.

Nisifiche: nasikiliza pia wengine ambao sijui hali yao ya kiroho. Waingereza wa bendi ya Yes wana wimbo wa mwaka 1972, Close to the Edge, uliojaza upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 18. Nusu ya maneno yake siyaelewi, na sijamwambia mtu auimbe ibadani.

Sasa niwaambie nilivyofika huko. Nilifika kwa aibu.

Asubuhi moja niliingia chumbani kuomba, nikaweka simu kando ya Biblia ili nione saa. Dakika chache baadaye nilikuwa namtazama mwanamke nisiyemjua akigombana na mumewe laivu kwenye TikTok, watu wakiwarushia zawadi ili ugomvi usiishe. Mimi, mchungaji wenu. Magoti yangu yalikuwa sakafuni na kidole changu kilikuwa kwenye kioo cha simu. Nilipoinuka niligundua kwamba sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa na jambo moja kwa robo saa bila kulikimbia. Nikaanza mazoezi, kama mtu aliyevunjika mguu: wimbo mmoja mrefu, simu mfukoni, macho dirishani.

Mara za kwanza niliteseka. Wimbo wa namna hiyo una mahali pa kuchosha. Gitaa linazunguka palepale, unajiuliza kama fundi amesahau kulizima. Ukivumilia, ile sauti uliyoisikia mwanzoni inarudi, imebeba uzito mwingine, na unaitambua kwa sababu ulikuwepo tangu mwanzo. Aliyeruka katikati hasikii kitu hapo. Wazee wetu wa Pwani hawahitaji kufundishwa haya. Katika bango ya Mzee Joseph Ngala, saksafoni haina haraka, na harusini hakuna aliyekuwa akimwambia mpigaji afupishe ili tuone kinachofuata.

Sasa swali langu kwenu. Mnaniuliza kuhusu roki. Mbona hakuna aliyeniuliza kuhusu ile simu?

Safari ileile, kando yangu alikaa kijana asiye na vifaa vya masikioni. Mhubiri akapaza sauti, akakatwa. Mchekeshaji akaanza mzaha, akakatwa. Mama akalia kwenye mazishi, naye akakatwa. Tangazo la kubeti, hilo ndilo lililoachwa liishe. Kijana huyo angepunguza sauti hadi iwe mnong'ono, bado zingekuwa kelele. Kelele ninayoipiga vita ni ile ya kumnyima mtu nafasi ya kukaa na kitu kimoja mpaka kimwambie neno. Mama anayemlilia mwanawe anastahili zaidi ya sekunde nane.

Najua jibu lenu: "Pasta, sisi ni Wapentekoste, kwani kanisani hatupigi kelele?" Tunapiga. Zaburi ya 150 inataja matoazi, na majirani zetu ni mashahidi. Lakini fungueni Yoshua 6. Kabla ya ile sauti kuu iliyoangusha ukuta wa Yeriko, watu waliuzunguka mji siku sita. Tarumbeta zilipigwa, ila watu waliamriwa wasitoe hata neno mpaka siku ya kuambiwa. Sisi tumechukua kelele za siku ya saba tukazitupa siku sita. Halafu tunashangaa ukuta umesimama.

Tena soma 2 Wafalme 3. Wafalme watatu wako jangwani na majeshi yao, maji hakuna, wanamjia Elisha wakitaka neno la Bwana upesi. Elisha amekasirika, mfalme wa Israeli hampendezi hata kidogo. Anafanya nini nabii mwenye hasira ambaye watu wanamsubiri? Anaitisha mpiga kinanda. Mkono wa Bwana unamjia wakati kinanda kinapigwa. Wafalme watatu na majeshi yenye kiu wanangoja mtu apige muziki! Angekuwa mmoja wetu leo, angefungua laivu hasira zikiwa bado mdomoni.

Na sisi wa Malindi na Kilifi tuna sababu ya kuliogopa jambo hili kuliko watu wa kwingine. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola, katika kaunti yetu hii. Mahubiri yanayohusishwa na msiba huo yalikuwa kwenye runinga na YouTube, na wapo waliosafiri kutoka mbali, hata magharibi mwa Kenya, wakaletwa na sauti waliyoisikia kwenye skrini. Kesi iko mahakamani, mimi si hakimu. Wala sisemi watu wale walikuwa na papara. Wengine walisikiliza kwa masaa mengi, basi urefu peke yake haumwokoi mtu. Ninachosema ni hiki: Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote, na kupima kunahitaji mahali palipotulia ndani ya mtu. Aliyezoea kubebwa na sauti moja hadi nyingine tangu alfajiri atapimia wapi? Atampa moyo wake yule anayepiga kelele zaidi. Nasi wachungaji tumelijua hilo, tukaongeza sauti. Mimi mwenyewe nimewahi kukata mahubiri ya saa nzima nikaposti sekunde 40 za jasho na mayowe, kwa sababu ndizo zinazosambazwa. Niombeeni.

Basi, Jumapili hii baada ya sifa tutazima spika zote. Ndugu yetu wa kinanda atapiga dakika 12 bila maneno, nami sitasema kitu, hata "Amina". Hatutarusha ibada laivu. Simu zitaachwa kwenye vikapu mlangoni na mashemasi watazipa namba, kama viatu msikitini, msinichekee. Mwenye mgonjwa hospitalini abaki na yake, aniambie mapema. Watoto watakaolia, walie.

Mama yangu wa swali la roki, nimekuwekea kiti cha mbele. Ibada inaanza saa nne kamili.